Mwenye Mnara

Ikola, 11 Juni 1995

Mama Wema,

Sijui nianze na salamu au na ugomvi. Haya, salamu kwanza. Mimi mzima, kifua kimepoa, dagaa ni wengi mwezi huu na injini za boti za watu zinaharibika kama vile nimeziombea, kwa hiyo sikosi kazi. Wasalimie wale vijana wetu wawili, uwaambie baiskeli yangu waiache ilivyo. Sasa ugomvi.

Juzi Sixte alikuja kupakia dagaa. Hata lori hajalizima, ameanza kunipongeza kwamba mke wangu kapata kazi ya serikali. Nikamuuliza kazi gani, maana mimi niliyekuoa sijui. Akaniambia watu wa Mambo ya Kale walikuja na gari lao, wakauzungushia waya ule mnara ulio nje ya kanisa, wakapigilia kibao kinachokataza kugusa, kupaka rangi na kumwaga chochote, halafu ufunguo wa geti wakakukabidhi wewe. Anasema unashinda pale kila siku, umekaa kwenye kigoda.

Mambo ya kale. Vita niliyokwenda mimi mwenyewe imekuwa ya kale na mimi bado natafuna mifupa.

Mnara ule naujua vizuri. Juu wameandikwa wale waliopelekwa Burma na Wazungu, na mapadre ndio waliowajengea. Chini, kwa herufi mpya, wameandikwa wa kwetu waliokwenda Kagera wasirudi, na wa kwanza wao ni Faustini, mume wako wa mwanzo. Mimi niliyeondoka naye siku moja, lori moja, sipo pale, kwa sababu nilirudi. Aliyerudi haandikwi. Aliyerudi alikuoa, akamlea binti wa Faustini tangu hajang'oka jino la kwanza, akaja huku Ikola kuchafuka mafuta ili nyie mle.

Nitasema wazi maana sina wa kumficha: nina wivu. Ingekuwa ni mtu mwenye miguu ningejua pa kumkuta tukamalizana. Huyu hazeeki, hakoromi, hajawahi kukujibu vibaya tangu mwaka sabini na tisa, na sasa serikali imemwekea ulinzi, na mlinzi ni mke wangu. Warudishie ufunguo wao. Tulikubaliana Wema akimaliza shule mnahamia huku wote. Amemaliza.

Mumeo (aliye hai),
Kassiani


Misunkumilo, 20 Juni 1995

Baba Wema,

Barua yako imefika na nusura iniaibishe. Wewe ndiye uliyeweka desturi kwamba barua zako Wema azisome kwa sauti baada ya chakula, sote tukisikiliza. Basi akaanza vizuri, kifua, dagaa, baiskeli, vijana wanacheka. Alipofika kwenye ugomvi nikamnyang'anya karatasi. Nimeimalizia jikoni mwenyewe, polepole, kwa ile elimu yangu ya watu wazima. Siku nyingine ukiwa na ya moyoni, mwambie Sixte anipe mkononi.

Kuhusu kazi. Wale wageni walitaka mtu wa familia mojawapo ya walioandikwa, awe karibu na kanisa na awe hanywi. Ukiwatoa wanaokunywa, nilibaki mimi. Kazi yenyewe ni kufagia, kufukuza mbuzi, na mgeni akija nimfungulie na kumwambia asiguse. Wewe huko umeshaona nimeolewa upya.

Na kwa kuwa umesema wazi, nami niseme. Napenda kukaa pale. Nyumbani naulizwa chumvi iko wapi. Pale watu wanasimama mbele yangu, wananiuliza hawa walikuwa akina nani, na ninajua la kujibu, nao wananisikiliza mpaka mwisho. Wananiita mke wa shujaa. Najua hilo litakuuma, lakini ukilisikia kwa Sixte litakuuma zaidi.

Sasa acha wivu usikie habari. Wema kaposwa. Ni yule Gratien wa Katumba, fundi seremala, aliyekuja kutengeneza viti vya kanisa mwaka jana akawa kila Jumapili ana kiti cha kukagua. Baba yake ni mzee Venant. Walikuja watu wanne pamoja na msemaji wao, maana wenzetu wale wa Katumba hawaombi mke kwa maneno mafupi. Baada ya kuzunguka sana yule msemaji akauliza baba wa binti ni nani, wapate kujua wanamwomba nani.

Nilikuwa nafungua mdomo kukutaja. Lyamba akaniwahi. Unamjua shemeji yangu huyo, tangu kaka yake afe amekuwa mkubwa kuliko alivyozaliwa. Akasema, "Baba yake yuko pale nje ya kanisa." Wazee wa watu wakaelewa kwamba upo nje umekaa kivulini, wakasema basi watasubiri uingie. Walisubiri kweli, Baba Wema, hadi chai ikapoa, mpaka nilipowaeleza. Mzee Venant aliona haya sana. Akasema basi wewe wa Ikola watakuja kukuona siku nyingine.

Gratien nampenda. Ndoa ni Jumamosi ya tarehe kumi na sita Septemba. Wema anakusalimu, na anauliza kama kweli dagaa ni wengi au unajisifu.

Mkeo,
Elizabeti


Ikola, 2 Julai 1995

Mama Wema,

Nimefurahi kuhusu Gratien. Mkono wa seremala ni mkono wa kazi. Furaha hiyo imekaa nami tangu nilipofungua bahasha mpaka nilipofika penye jina la Lyamba.

Mwulize Lyamba, Wema alipougua surua macho yakafunga, ni nani aliyemfunga mgongoni kwa khanga yako akaenda naye hospitali kwa miguu, mwanamume mzima, watoto wa njiani wakimcheka. Mwulize alipofukuzwa shule kwa kumpiga mwenzake rula ni nani aliyekwenda kupiga magoti kwa mwalimu mkuu. Lyamba alikuwa anakuja Krismasi, anamshika kidevu, anasema kafanana na kaka, anakula, anaondoka. Sasa leo ana baba wa kutoa, na baba huyo ni simenti.

Sikatai Faustini alimzaa. Sijawahi kumkataza Wema kulitaja jina lile. Lakini watu wote wa huko wananiita Baba Wema, nawe pia, na mimi huitika. Kama ni jina la kuazima mniambie nilirudishe.

Huku nimeshapima koti kwa fundi, la kijivu. Siku ile nitamshika Wema mkono kuanzia mlangoni mpaka mbele kwa padri, mimi, kwa mkono huu wenye makovu ya feni za injini. Mwambie padri hivyo. Mwambie na Lyamba, na kama anabisha aje Ikola tubishane ufukweni.

Halafu Sixte anasema anakuona midomo inacheza pale kwenye mnara wakati hakuna mgeni. Unaongea naye nini?

Kassiani


Misunkumilo, 23 Julai 1995

Baba Wema,

Ninasali rozari. Mwambie Sixte aangalie barabara.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta njia ya kuandika haya usikasirike, na sijaipata, kwa hiyo kasirika tu. Leo tangazo la ndoa limesomwa kanisani kwa mara ya kwanza. Limesomwa kama lilivyo katika cheti cha ubatizo: Wema, binti wa marehemu Faustini na Elizabeti. Jina lako halikusomwa popote. Niliangalia chini muda wote.

Wiki iliyopita Lyamba aliita kikao cha ukoo wao. Walikuja wengi kuliko walivyokuja kumwona Wema maisha yake yote. Wameamua mambo mawili. La kwanza, kanisani atamshika mkono Lyamba, kwa kuwa ndiye damu ya baba yake. La pili ni kuaga. Unajua mila yao, binti aliyefiwa na baba haendi kwa mume kabla hajapelekwa kaburini kwa baba yake, na pale mtu aliyemwona baba akifa anamsimulia binti mbele ya wote jinsi alivyokufa. Ndipo anaruhusiwa kuondoka. Faustini hana kaburi huku, kwa hiyo kaburi lake ni mnara. Ijumaa, siku moja kabla ya ndoa. Na aliyemwona akifa, akarudi hapa kwetu, ni mmoja tu. Ni wewe.

Kwa hiyo wanakutaka, Baba Wema. Wanakutaka Ijumaa usimulie Faustini alivyopigwa risasi akivuka mto Kagera, kama watu wote wanavyojua. Jumamosi utakaa kwenye benchi la tatu na wageni wa heshima.

Mambo yote mawili nimeyakubali. Nilikuwa peke yangu, wao ni ukoo mzima, na nilitaka binti yangu aolewe bila kelele. Lyamba alitaka pia kumwaga unga na maji chini ya jina la kaka yake, hapo ndipo nilipokataa, maana kibao kimekataza na ufunguo ninao mimi. Atamwaga nje ya waya. Amenuna mpaka leo.

Baada ya kikao nilimuuliza Wema anaonaje. Alisema, "Wakubwa mmeshaamua." Hilo ndilo linaloninyima raha zaidi ya Lyamba.

Njoo tu. Ukija tutaongea.

Elizabeti


Ikola, 6 Agosti 1995

Elizabeti,

Sixte amekatikiwa ekseli huku Ikola na atakaa wiki. Hii nampa Jeannine muuza samaki, anapanda lori la chumvi asubuhi. Sitaki ilale hapa, nisije nikaichana.

Benchi la tatu. Mmenitafutia na benchi.

Mnataka nisimulie. Nimekaa kimya miaka kumi na sita, na kama mngeniacha ningekaa kimya mpaka nami nizikwe. Lakini hamkuridhika kunipokonya mtoto, mmetaka nije na mdomo wangu nimsifu anayenipokonya. Basi nitakusimulia wewe kwanza, halafu uniambie kama wageni wa Katumba wayasikie.

Faustini hakuuona mto Kagera. Hakusikia hata risasi. Tulikuwa bado tuko njiani, mchana, tumeshapita Biharamulo, lori limebeba sisi na magunia ya unga. Wengine tumekaa chini tumeshikilia mbao. Yeye akapanda juu ya magunia, akawa anacheza na kuimba, anawachekesha wenzake, unamjua alivyokuwa akipata watazamaji. Nilimwambia ashuke. Akaniita bibi harusi. Kona ikaja, dereva akakata, magunia yakahama, naye akaanguka. Tulimzika kando ya barabara tukaendelea na safari. Vita vyenyewe alivikuta nani? Mimi. Mto nilivuka mimi. Wakati nimelazwa na jeraha la paja, padri alikusanya majina ya wasiorudi, watu wakaweka na habari zao, na mimi niliporudi nikakuta Faustini ameshavuka mto na simenti imekauka.

Ndiye huyo shujaa wako. Ndiye unayemlinda na mbuzi. Mwanamume aliyeanguka kwenye lori kwa kucheza, na mimi ndiye nikae benchi la tatu.

Siji. Mwenye mnara asimame mwenyewe.

Kassiani


Misunkumilo, 13 Agosti 1995

Kassiani,

Jeannine alikuja nikiwa kwenye mnara. Hakujua kitu, alimkuta Wema nyumbani akampa barua ya baba yake. Usiku ule baada ya chakula Wema akaifungua kama ulivyomfundisha, akaanza kutusomea. Nilikuwa ninaosha vyombo nje. Nilisikia sauti yake inasoma benchi la tatu, kisha nikasikia imekatika. Nilipoingia alikuwa anasoma kwa macho, vijana wanamuuliza mbona umenyamaza. Alimaliza, akaikunja, akanipa. Akaniuliza kama nilijua.

Sasa nitakujibu wewe nilivyomjibu yeye. Ndiyo. Nilijua.

Mwaka themanini na moja yule dereva alipita hapa. Alikuwa mtu wa Tabora. Alinitafuta, akakaa kwenye mkeka wangu akalia, akaniambia kona, magunia, yote. Akaniambia na aliyekuwa anamwita Faustini ashuke. Nilimpa maji akaenda zake. Sikumwambia mtu. Wema alikuwa na miaka minne, alikuwa anawaambia wenzake baba yangu alivuka mto. Ningemwambia nini?

Mwaka uliofuata ukaja wewe na posa. Nilijua kwamba unajua. Nikasema moyoni, ngoja nimwone huyu. Mwanamume anayemtaka mjane kitu cha kwanza ni kumpunguza marehemu. Wengine waliokuja kabla yako hawakumjua hata sura na walimsema. Wewe ulikuwa na neno moja ambalo lingemmaliza kabisa, na nilikuwa nakuchokoza makusudi, namsifu mbele yako ili nione. Ulikuwa unakunja uso, unakunywa chai yako, unanyamaza. Nilikupenda kwa hilo. Wengine walikuwa na mashamba na nyumba za bati. Wewe ulikuwa na hilo tu na likanitosha.

Miaka yote hii umekuwa unamwonea wivu mtu ambaye ulimshinda siku ile ya kwanza, na hukujua. Ningekwambia ingeharibika. Sasa imeharibika.

Wema alikwenda Katumba kesho yake kwa akina Gratien, kwa Libérate dada yake. Hajarudi. Sijui kama ndoa ipo.

Elizabeti


Ikola, 20 Agosti 1995

Mama Wema,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na baadaye nimeisoma nimekaa, na haibadiliki.

Nilitaka ikuume wewe kidogo. Kwa Wema sikutaka hata ukucha. Hasira ilinisahaulisha ni nani anayefungua barua katika nyumba yangu. Ningekuwa na njia ningekuja sasa hivi, lakini nikija nitamwambia nini, na atataka nimkute?

Mwambie niliandika uongo. Mwambie nilikuwa nimekunywa. Mwambie lolote litakalomrudisha Faustini mtoni. Mimi nitaapa.

Lyamba amshike mkono. Benchi la tatu litanitosha, na nikiambiwa nikae nje ya waya nitakaa. Ndoa tu iwepo.

Kassiani


Katumba, 3 Septemba 1995

Baba,

Shikamoo.

Ndoa ipo. Nimeanza na hilo kwa sababu mama anasema huli.

Nimekaa huku kwa wifi Libérate majuma kadhaa, nikisaidia kuchambua maharage na kununa. Gratien sijamwambia. Aliniuliza mara moja nini kimenipata, nikamwambia ni mambo ya kwetu, akaenda kupiga randa. Nimempenda zaidi kwa hilo, naona nimerithi kwa mama.

Nilikuwa nimekukasirikia sana, na bado kidogo. Mama kanionyesha barua yako ya kwamba niambiwe ulikuwa umekunywa. Wewe, Baba, ambaye pombe ya sadaka tu inakupa mafua. Usiape. Naamini alianguka. Nimeliona lori lile akilini, nimeyaona na magunia, na unajua kilichonishangaza? Nilicheka. Siku zote nilikuwa na baba mwenye bunduki asiye na uso. Sasa nina mtu anayecheza juu ya unga. Mimi nami nikipata watazamaji huwa siachi, umenigombeza kwa hilo mara nyingi, na hukuniambia nimelitoa wapi.

Lakini hilo ni langu sasa. Sitaki liwe la Lyamba wala la watu wa Jumapili wanaokuja kusoma majina. Majina yale mengine pale chini yana mama zao na watoto wao. Ukisema mmoja hakufika mtoni, kesho wataulizwa wote.

Kwa hiyo nimeamua, na safari hii wakubwa mtanisikiliza. Jana nilikwenda kwa baba mdogo Lyamba. Nilimwambia Jumamosi atakayenishika mkono ni wewe. Akaleta maneno ya damu. Nikamwambia kama si wewe basi nitaingia kanisani peke yangu, na watu watamuuliza yeye kwa nini. Akasema basi anataka akae benchi la kwanza. Nikampa.

Na Ijumaa utakuja kwenye mnara, Baba, na utasimulia. Utasimulia mto. Hutanung'unika na hutatazama chini. Utamvusha vizuri, kwa sauti, mzee Venant na wenzake wasikie, na mama asikie akiwa pale na ufunguo wake. Najua ninachokutaka. Najua utakuwa unamsifu mtu uliyemwonea wivu maisha yako yote, kwa kitu ulichofanya wewe, si yeye. Ule mto uliuvuka wewe. Nataka umpe.

Nakuomba hivyo kwa sababu yeye kwangu ana hilo tu. Ukilichukua habaki na kitu. Wewe ukilitoa hupungui, mimi nakujua mpaka unavyokohoa.

Koti la kijivu fundi asilibane mabegani, utanyanyua mkono kunishika.

Mwanao,
Wema


Ikola, 10 Septemba 1995

Mama Wema,

Ekseli imepona, ile wiki imezaa mwezi. Sixte ananipakia Jumatano, kwa hiyo barua hii itafika kabla yangu kwa siku moja, kwa gari la misheni. Nimeiandika kwa sababu kuna mambo nikiyasema mbele yako nitajikwaa.

Wema aisome akitaka. Sina tena barua za jikoni.

Nimekuwa nikifanya mazoezi. Nakwenda kwenye boti iliyopinduliwa kupakwa lami, nasimama mbele yake, nasimulia. Cyriaque, mwenzangu wa karakana, anafikiri nimepata homa. Mara ya kwanza nilimvusha Faustini mto kwa maneno manne, akafa haraka sana, hata mimi niliona ni choyo. Nikarudia. Nikampa maji ya kifuani. Nikampa bunduki ameinyanyua juu isilowe, kama nilivyoinyanyua mimi. Nikampa yule kijana wa Mwanza aliyekuwa nyuma yangu anazama, nilimshika ukosi nikamvuta, sijawahi kukusimulia. Nimempa Faustini amvute. Nilipofika ng'ambo nikakuta nimebaki na jeraha la paja peke yake, na hilo siwezi kumpa kwa sababu ninachechemea nalo.

Nitakwambia ukweli, inaniuma. Kila ninachompa naona kinavyompendeza. Ametoka mzuri mno. Jana nilipomaliza kusimulia nikamkuta Cyriaque amesimama nyuma yangu na machozi, akaniuliza huyo alikuwa nani, na nikataka kusema ni mimi. Nikasema alikuwa mwenzangu.

Wewe endelea na ufunguo. Nimefikiri, na sitakuambia tena uurudishe. Kuhusu kuhamia huku tutaongea, maana Wema akishakwenda Katumba nyumba itakuwa na vijana wawili na baiskeli yangu. Huenda injini za huko kwenu Mpanda nazo zinaharibika. Nitasikia utakalosema.

Ila nina sharti langu moja, na hili Lyamba asiliguse. Ijumaa nikishamaliza kusema, watu watalia, najua, nimekiandaa kilio hicho kwa mikono yangu. Waache walie. Lyamba amwage unga wake nje ya waya. Wewe usikae kumfuta mtu machozi. Funga geti, uje ushike upande wa pili wa Wema, tumtoe pale tumpeleke nyumbani akaoge, akapakwe mafuta, ale chakula cha mwisho cha kwetu. Mimi nitakuwa nimemwachia Faustini kila nilichokuwa nacho vitani, sitageuka kuangalia nyuma na wewe usigeuke.

Sisi tutakwenda. Yeye atabaki.

Baba Wema